Nyumba ya Odalie Isiyoota Kuvu

Kule Bayou Sarcelle, kusini kabisa mwa Louisiana, ambako barabara huchoka na maji yakaendelea na safari peke yake, kuvu inajulikana kama mkwe mkorofi. Haipigi hodi. Unaisikia kwanza puani, ukija kuiona imeshamaliza chumba.

Odalie Trosclair alikuwa mpishi wa shule, miaka thelathini na mmoja akikoroga masufuria ya maharage mekundu. Kimbunga kilipoijaza nyumba yake maji hadi kwenye swichi za taa, hakulia. Alitoa magodoro nje, akafungua madirisha, akasugua kuta mpaka kucha zikamwisha. Wiki ya tatu kuvu ikapanda ukutani, nyeusi, ina manyoya kama paka aliyelowa. Mumewe Ulysse, mvuvi wa kamba tangu utoto, akaanza kukohoa, na kikohozi kikahamia kifuani kabisa. Daktari hakuzunguka: huyu mzee akilala tena penye kuvu, hamalizi mwaka.

Basi Ulysse akapelekwa kwa binti yao Lubbock, Texas, nchi kavu ambako hata mate ni ya kuazima. Kila jioni alikuwa anapiga simu.

"Oda, kamba wameingia?"

"Wameingia."

"Nami narudi lini?"

Odalie akamtajia bei ya kamba ya siku hiyo. Nyumba ya zamani ilishabomolewa ikachomwa. Mume atarudi ikipatikana nyumba ambayo kuvu haitaiweza, kinyume cha hapo atafia kwa watu wasiojua hata kumenya kamba.

Fundi hakuwa wa kutafutwa. Velton, mjenzi aliyeanza kupata jina mpaka mjini, alikuwa mtoto wao wa ubatizo. Wao ndio waliomshika kichwa juu ya maji ya baraka. Alimwita Odalie Nenen, kama watoto wa huko wanavyomwita mama wa ubatizo. Akaja, akala sahani mbili, akachora mchoro nyuma ya kalenda.

"Ya kawaida ni laki mbili, Nenen. Ya kukataa kuvu, ongeza elfu ishirini na mbili."

"Dola elfu ishirini na mbili za nini? Zinaimba?"

"Haziimbi. Ila Ulysse atalala hakohoi."

Akamweleza. Nguzo za futi kumi na mbili. Mbao zilizokaushwa kiwandani. Mashine ya kunyonya unyevu hewani. Bodi za ukutani za jipsamu, zile zenye karatasi ya zambarau ambayo kuvu ikiionja inatema. Na zaidi ya yote, subira: fremu ikishasimama iachwe wazi wiki tatu, ipimwe kwa kipimo cha unyevu, ndipo kuta zizibwe. Ukiziba mbao mbichi, umejifungia mwizi ndani.

Fidia ya bima ilifika njiani ikaishiwa nguvu. Kilichobaki ni mashua ya Ulysse. Odalie alimpigia simu, akawa anazunguka zunguka na habari za hali ya hewa, mpaka mzee mwenyewe akamkatiza.

"Uza, Oda."

"Ulysse, mashua uliyoijenga na baba yako?"

"Uza nimesema. Mashua haiendeshwi na mtu asiye na pumzi."

Ikauzwa. Dada yake Odalie, Verna, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akauliza swali moja tu.

"Mmeandikishana na Velton?"

"Nimwandikishe mtoto niliyemshika ubatizoni? Watu wataniitaje?"

Maana huko, kumdai ndugu karatasi ni sawa na kumsachi mgeni mifuko anapoondoka mezani kwako.

"Haya," akasema Verna. "Mimi hata Mtakatifu Yosefu ningemtaka sahihi. Naye si alikuwa fundi?"

Wakacheka, yakaisha.

Jumamosi ya kusimamisha fremu, kijiji kizima kilikuja na nyundo. Odalie alipika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Bodi za zambarau zilikuwa zimepangwa chini ya nyumba, zimefunikwa turubai. Aliziinulia turubai, akazipapasa kama mtu apapasaye ng'ombe aliyemnunua. Kisha akamkabidhi Velton matawi manne ya Jumapili ya Matawi. Desturi ni kuyapigilia ndani ya kuta yailinde nyumba, kila pembe moja, kabla hazijazibwa.

"Usisahau pembe hata moja."

"Nenen, vipimo naweza kukosea. Matawi, sithubutu."

Siku ya nne simu ikaja kutoka Lubbock: Ulysse kalazwa, homa ya mapafu. Odalie akaenda, akakaa naye siku kumi na mbili. Aliporudi, nyumba ilikuwa imezibwa na kupakwa rangi nyeupe, inang'aa kama yai.

"Mbona mbio? Si ulisema wiki tatu?"

"Jua lilikuwa kali, Nenen. Fremu ilikauka kama mfupa."

Bodi za zambarau alikuwa ameziona kwa macho yake. Angeuliza nini zaidi? Alimkumbatia.

Ulysse akarudi Oktoba. Alipanda ngazi kumi na nane akipumzika mara tatu, na kila akipumzika alisema anatazama mandhari. Padri akanyunyiza maji. Mzee akachagua kulala upande wa dirisha, asikie injini za wenzake alfajiri. Siku nane Odalie alimsikiliza akipumua, akaona hakuna muziki mtamu kuliko huo.

Siku ya tisa akakohoa. Ya kumi, akakohoa hadi akashika ukuta.

Siku ya kumi na moja Ulysse alipokuwa amekaa barazani, Odalie alinusa chumbani. Alivuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa, kama mtu kamwaga pilipili manga. Akachukua kisu cha samaki, akakata. Bodi ikamegeka kwa ulaini wa mkate. Karatasi yake ilikuwa ya kijivu chini ya rangi, kahawia nyuma; zambarau hapakuwa. Akakata ukuta wa pili. Kahawia. Wa tatu hivyo hivyo, na mbao za ndani zikilowanisha kidole. Na pale pembeni, limepigiliwa misumari miwili midogo, kwa heshima, lilikuwa tawi.

Akakaa chini sakafuni. Alilitazama tawi lile muda mrefu kuliko alivyoitazama kuvu.

Alimpigia simu Velton, naye akafika baada ya nusu saa, kofia mkononi. Aliona matundu, akafunga mlango nyuma yake.

"Za zambarau ziko wapi?" Odalie aliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mtu aliyekuwa barazani.

"Kwa daktari wa meno ninayemjengea mjini. Bei zilipanda katikati ya kazi, Nenen, nikaishiwa. Na yule tuna mkataba, kila siku ninayochelewa ananikata. Nilisema nitakurudishia."

"Ukapaka rangi."

"Nikapaka."

"Yeye ukamwogopa kwa karatasi. Mimi je?"

Velton alitazama viatu vyake. "Wewe ni Nenen," akasema.

"Na matawi ukapigilia yote manne."

"Sasa matawi ningeyaachaje?" alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyetukanwa. "Nitazing'oa kuta zote, Nenen. Kwa mikono yangu."

"Uweke nini? Mashua haiuziki mara mbili."

Kijana akaokota kipande cha bodi kilichomegeka. Odalie akainuka, akajipangusa magoti, akakunja nguo za mumewe ndani ya sanduku.

"Mbebe," akasema. "Ngazi hazishuki kwa pumzi alizobaki nazo."

Ulysse hakuambiwa chochote ila kwamba daktari wa Lubbock anamtaka. Velton alimwinua kutoka kitini. Mzee alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Kwenye kila ngazi alikuwa akimpigapiga kijana mgongoni.

"Nyumba umejenga, mwanangu. Ubaya ni haya mapafu, hayana shukrani."

Odalie alitangulia na sanduku. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na ngazi zilikuwa bado kumi. Akasema tu, "Angalia hapo, pana utelezi."

Velton alimweka garini, akamfunga mkanda. Ulysse akamshika mkono, hakuuachia.

"Nitunzie nyumba mpaka nirudi. Wewe ndiye unayeijua ndani."

Velton alifungua kinywa. Odalie akawasha gari.