Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Joram Oketch aliendesha magari ya mradi wa visima kwa miaka mingi, akiishi Kondele na mkewe Awuor na watoto wao. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kufuta usukani kwa leso kabla ya kuushika. Udereva alijifunza kwenye lori la pamba. Mchanga aliujua tangu utotoni, kwa kuwa alizaliwa ufuoni karibu na Asembo Bay. Madereva wenzake walimtania kwamba huendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani.

Gari lake la kwanza mradini lilikuwa la zamani. Magurudumu ya mbele hayakuvuta mpaka dereva ashuke na kuyafunga kwa mkono, moja baada ya jingine, hata mvua ikinyesha. Mwaka 1988 ikaja Landrova mpya. Katika hiyo magurudumu yote manne yalivuta wakati wote, kwenye lami na kwenye matope, na madereva wakasema kazi imeisha, gari linajiendesha. Lakini mchangani lilikuwa na sharti. Kando ya gia palikuwa na kijiti kifupi walichokiita gia ndogo. Kikisukumwa kushoto, magurudumu ya mbele na ya nyuma yalifungwa yazunguke pamoja. Kisiposukumwa, gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu yote ya injini ilikimbilia hapo na yale mengine yakasimama tu. Joram alilijua sharti hilo vizuri. Shida ni kwamba kushoto ni upande wa abiria.

Wakati wa masika ya mwaka 1990 alipitia na Landrova hiyo kwa wakwe zake kando ya ziwa kuwajulia hali, akakuta nyumba imejaa wasiwasi. Seline, mdogo wake Awuor, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Waithira, nesi wa zahanati ya pale, mwanamke wa Nyeri aliyehamishiwa ziwani, alitoka chumbani akifuta mikono.

"Mtoto ametanguliza makalio," alisema. "Hapa siwezi. Tumpeleke hospitali ya misheni sasa hivi, ama tupoteze mmoja wao. Au wote."

Mafuriko yalikuwa yamebomoa kalvati ya barabara. Njia iliyobaki ilikuwa ufuoni.

Seline alilazwa nyuma ya gari juu ya godoro. Mama yake, Dorca, alishika mlango wa nyuma ili apande, Waithira akamzuia.

"Mama, huku nataka nafasi ya kufanya kazi. Kaa mbele."

"Mbele?"

"Mbele. Kuna shida?"

Shida ilikuwepo, ila hakuna aliyemweleza. Kwa desturi ya watu wa ziwani, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Miaka yote ya ndoa yake Joram hakuwahi kula mbele ya Dorca, wala kumpa mkono, wala kuketi karibu naye. Wakiwa na neno, walilipitisha kwa mtu mwingine. Dorca alipanda, akajibana mlangoni, akaweka katikati yao kikapu cha khanga na chupa ya chai kama ukuta. Kikapu kiliegemea gia ndogo. Nyuma ya kikapu lilikuwa goti lake.

Joram alitazama pale mara moja, akaondoa gari.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Karibu na maji mchanga ulikuwa umelowa na kushikamana, na gari likapita kama kwenye barabara. Kisha wakafika mahali ambapo mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu na nyavu zimetandazwa, zimejaa omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaushwa. Ilibidi apande juu, kwenye mchanga mkavu. Mkono wake uliuacha usukani, ukafika nusu ya njia kuelekea kikapu, ukarudi.

Hawakwenda mbali. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kwa kelele, gari likakaa chini. Wanawake waliokuwa wakigeuza omena walisimama kutazama.

"Dereva, samaki wako majini! Huko unachimba nini?"

"Mwache, anapanda viazi!"

"Gari lina miguu minne na bado linatambaa!"

"Nesi," Joram alisema bila kugeuka, "mwambie Mama asogeze kikapu kidogo."

"Si yuko hapo kando yako? Mwambie mwenyewe!"

Dorca alikuwa anatazama ziwa. "Nesi, mwulize huyo mtu kikapu kinamzuia nini."

"Mwambie kinazuia gia ndogo."

"Mwulize mbona hakusema tukiwa nyumbani."

Nyuma Seline alipiga ukelele.

"Nyinyi wawili mna wazimu?" Waithira alifoka. "Mtoto anakufa hapa, nyinyi mnatumiana salamu kama kwenye redio!"

Dorca alifungua mlango, akashuka na kikapu chake, akavua viatu, akatangulia kwa miguu.

Joram aliisukuma gia ndogo kushoto. Akashuka, akapunguza upepo wa tairi zote kwa njiti ya kiberiti mpaka zikalegea, akafukua mchanga nyuma ya magurudumu. Wanawake walikuwa wamekwisha kuona aliyelala ndani. Waliacha mzaha, wakaegemeza mikono kwenye boneti na kusukuma. Gari likarudi nyuma juu ya alama zake lenyewe. Kisha akalipeleka mbele kwa gia ya pili, polepole, bila kulegeza mguu.

Dorca alikuwa amesimama mbele yao, mkono juu, akingoja kupanda. Mchanga ulimfika vifundoni.

"Anatungoja," Waithira alisema.

Kusimama pale kulikuwa kuzama tena. Kupita kulikuwa kumwacha mama mkwe ufuoni mbele ya wanawake wa kijiji chake, jambo ambalo lingesimuliwa kwenye kila matanga. Seline alikuwa ameacha kupiga kelele, na kimya hicho kilikuwa kibaya zaidi.

Joram aliukata usukani kidogo, akampita. Mchanga ulimrukia Dorca kwenye nguo. Katika kioo alimwona akishusha mkono.

Seline alijifungua msichana kabla ya saa sita mchana, wote wawili wakiwa hai. Joram alikuwa bado amesimama nje ya hospitali Dorca alipofika kwa miguu, viatu mkononi. Waithira alimpokea mlangoni, akampa habari. Dorca alifumba macho kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika:

"Nesi, mwambie huyo mtu, pale nilipokuwa nimesimama palikuwa pabaya kwa gari."

Waithira alimtazama Joram, ambaye hakuwa mbali. Safari hii hakubisha.

"Baba, Mama anasema pale aliposimama palikuwa pabaya kwa gari."

"Mwambie nimesikia," Joram alisema. Akazunguka upande wa pili wa gari ili Dorca apite, akatoa pampu, akaanza kujaza tairi.