Kesi Niliyoitunga Nimuone Thuwaiba

Jamani, sasa hivi nacheka, lakini mpaka leo nikimuona Mzee Khamis kwenye ngazi za jengo letu hapa mtaa wa Bani Malik najitia nimesahau kitu ndani, narudi zangu, maana aibu niliyompa mume wa watu sijui nitaifuta vipi.

Mjukuu wangu Thuwaiba, niliyemlea mimi hapa hapa Jeddah baba yake alipokwenda kufanya kazi Riyadh, yuko chuo kikuu Ufaransa, anasoma sheria na historia na falsafa (hiyo falsafa kanieleza mara nyingi, naitikia tu). Mwaka wa kwanza alikuwa akinipigia simu kila jioni. Wa pili, nikimpigia mimi, ananong'ona, "Bibi, nipo darasani, nitakupigia." Hapigi. Simlaumu, masomo magumu yale, lakini hamu ilinishika hata nikipika wali napakua sahani mbili, moja nairudisha chunguni.

Siku moja shetani akanipitia, nikamtumia sauti: "Thuwaiba, kuna jirani yangu ana kesi nzito, anataka mtu wa sheria." Lo! Chai haijapoa, simu inalia.

"Bibi, kesi gani? Mwambie aje Ijumaa baada ya sala, nitapiga ya video nimsikilize mwenyewe."

Furaha yangu msiulize. Ila kesi sina.

Nikamwendea Bi Zamzam, mke wa Mzee Khamis, wa mlango wa pili, nikamwomba ajifanye ndiye.

"Niseme nini mie?"

"Sema lolote, mradi liwe refu."

Na Bi Zamzam siri haimkai kifuani, basi Ijumaa ile sebule ikajaa: Bi Raya binti Suleiman, Shuweikha, Sharifa mke wa fundi cherehani, wote wamekuja kumuona wakili wetu, na kahawa wanataka. Thuwaiba akatokea kwenye simu, miwani usoni, kalamu mkononi, na mimi kesi ikanitoka akilini, nikawa natazama shingo yake ilivyokonda.

Bi Zamzam akaanza, na machozi juu! "Mwanangu, mume wangu kanifukuza, kauza dhahabu zangu zote, kaoa mwengine huko Riyadh!"

"Khamis huyu huyu?" akaruka Bi Raya.

"Mie nshamshuku zamani," akasema Shuweikha. "Mtu gani anajifukiza udi kwenda kununua mkate?"

Thuwaiba anaandika mbio mbio, Bi Zamzam kanogewa, sasa mke mwenza keshazaa mapacha, na mlango wangu (mjinga mie!) niliuacha wazi. Nikasikia mtu anakohoa. Mzee Khamis, katoka msikitini, kakuta kwake kumefungwa, kasimama mlangoni na mfuko wa mikate.

"Zamzam, nimeoa lini?"

Bi Zamzam akaninyooshea kidole. "Muulize huyu! Kesi yake!"

Thuwaiba akaweka kalamu chini. "Bibi, kwani hakuna kesi?"

"Hakuna."

"Nimewacha darasa mimi, Bibi."

"Nilitaka nikuone tu."

"Si ungesema."

"Nasema, mwanangu. Kila nikisema, uko darasani."

Akajitoa mbele ya simu. Tukabaki tunatazama ukuta wa chumba chake na koti lake jeusi limetundikwa, na pembeni tunamsikia mwenyewe anavuta kamasi. Mzee Khamis akatua mkate mmoja juu ya meza yangu, akasema, "Yalla, tokeni, mwacheni mtu na mjukuu wake," wakatoka wote. Thuwaiba aliporudi nilimuuliza kala nini, akanambia, nikamuuliza tena.

Nimeapa sitomsingizia tena mume wa mtu. Thuwaiba sasa hupiga Ijumaa, si kila Ijumaa. Ile asiyopiga namtumia sauti, nasema nina hamu na wewe, basi, siongezi neno, kisha naisikiliza mwenyewe mara moja nijue imekwenda.