Kinanda Kisichozimwa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Isevya, mjini Tabora, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa ufagio, na nilipomaliza kufagia akanisimamisha mbele ya ukuta ulioandikwa maneno matatu kwa rangi nyeusi: ZIMA. CHOMOA. FUNGUA.

"Soma, binti."

Nikasoma.

"Tena."

Alinisomesha mpaka wateja wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa mtoto wa fundi saa, na baba ndiye aliyeng'ang'ania nifundishwe redio, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko ya kaka zangu. Fundi Mkuu hakumwamini, lakini aliniamini mimi baada ya miezi sita, alipoona kwamba sigusi kifaa chochote kabla ya mkono wangu wa kulia kwenda kwenye plagi. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Sikuwaza tena, mkono ulikwenda wenyewe.

Tulitengeneza redio kaseti na amplifaya, za misikiti na za makanisa, bila kubagua. Vinanda vya kunasa sauti vilikuja baadaye, vikiwa vimeshatumika Ulaya, na wafadhili wakavigawa kwa kwaya. Ninyi vijana mnanasa sauti kwa simu, kwa hiyo niwaeleze. Mtu aliimba noti moja kwenye maikrofoni, na kinanda kikaisambaza kwenye funguo zote, nzito huku, nyembamba kule. Sauti hiyo ilikaa kwenye memori, yaani chipu nyeusi zilizopangwa juu ya bodi, na memori ile iliishi kwa umeme tu. Ukizima, imekwenda. Ili ibaki, ilibidi uihamishie kwenye diski, ile bapa ya plastiki inayoenea kiganjani, kisha uipakie upya kila unapowasha.

Tena memori ilikuwa haba, sekunde chache tu, na kuiongeza ndiko kulikotupa jina. Tuling'oa vibao vya memori kwenye kompyuta mbovu za maofisini, tukavisafisha miguu kwa kifutio cha penseli, tukavipachika viwili viwili, kwa sababu kimoja peke yake kinanda hukikataa. Fundi Mkuu alinikataza kuvaa nailoni kazini. Kiangazi cha Tabora hewa ni kavu, na umeme unaotoka kwenye nguo huua chipu bila wewe kuona hata cheche.

Basi Mwalimu wa Kwaya wa kanisa moja la Cheyo akaomba kinanda chake kiongezwe memori. Fundi Mkuu akanituma mimi. Nilifika asubuhi, nikakuta kanisa wazi, kinanda kimewaka, taa yake nyekundu inaonekana, wala hakuna mtu. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ya umeme ilikuwa inanguruma. Nikaweka mkoba chini. Mkono ukaenda kwenye plagi.

Nilikuwa nimeshafungua skrubu nne Mwalimu alipoingia, jasho linamtoka, na diski mpya mkononi. Baba yake mzazi alikuwa ameletwa kutoka kijijini alfajiri ile, akapiga zeze, wakalinasa, kisha mzee akapanda gari kurudi. Diski zote za kwaya zilikuwa zimejaa, ndiyo maana Mwalimu alikimbilia dukani.

"Mbona kimezimika?" akauliza.

"Umeme ulikatika, Mwalimu," nikasema. "Umerudi sasa hivi."

Akaangalia kinanda, akaniangalia mimi. "Haya. Mzee atakuja tena."

Mzee hakuja tena. Alifariki kabla ya mavuno. Nilipopata habari niliacha kula, nikaenda karakanani. Nilimweleza Fundi Mkuu ukweli. Hakunifokea. Alisema, "Ukuta haukukosea, na wewe hukuukosea ukuta. Umemkosea yule mtu. Mwendee." Sikuenda. Niliona aibu, na aibu nikaiita shughuli nyingi.

Baadaye niliajiriwa katika kituo cha redio. Huko Mhandisi Mkuu alinifundisha kazi nyingine kabisa, ya kutengeneza mtambo ukiwa hewani, bila kuuzima. "Mkono mmoja nyuma ya mgongo, mama," alikuwa akisema. "Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, unapita moyoni." Alinifundisha kuvaa ndala za mpira na kupaka nta ya mshumaa kwenye ncha ya bisibisi, ili skrubu ing'ang'anie na isidondoke ndani. Miaka yote niliyokaa kwake sikuacha kulifikiria zeze lile.

Nilipofungua meza yangu mwenyewe ya ufundi nilikuwa mtu mzima mwenye miwani, na vinanda vile vilikuwa vimeshakuwa vya kale. Vijana waliviita makopo. Mimi niliendelea navyo. Siku moja simu ikaita.

"Bi Fundi, ni Mwalimu wa Kwaya. Yule wa Cheyo. Siku hizi niko Igunga."

Nilikaa chini kwanza.

Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya. Walikuwa wameinasa sauti yake kwa wimbo mpya, na walipotaka kuihifadhi, diski ikagoma kuzunguka. Wakasema watatafuta fundi. Siku ya tatu Mama Kulwa akaugua ghafla, na hakurudi kutoka hospitali. Tangu hapo kinanda hakijazimwa. Wanakwaya walikuwa wamekiunga na betri ya lori, wanapokezana kukilinda, siku ya tisa sasa. Walikuwa wamerekodi kwa simu pia, lakini simu ilinasa na kelele zote za kanisa, na kwaya ilimtaka mama yao kwenye funguo.

"Mafundi wawili wamekuja," akasema. "Wote wameanza kwa kutaka kukizima."

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Nilikuwa nimeazimia jambo moja: nitamwambia kabla sijagusa kitu, achague mwenyewe kama anaitaka mikono hii. Alinipokea mlangoni mwa kanisa, nywele nyeupe zote.

"Mwalimu, kabla sijaanza nina neno. Siku ile ya Cheyo..."

"Fanya kazi kwanza, Bi Fundi. Maneno yatakuja baadaye."

Nikavaa ndala za mpira. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, nikaanza kufungua kinanda huku kimewaka, jambo ambalo Fundi Mkuu, Mungu amrehemu, angenifukuza kazi kwa kuliona. Kila skrubu niliitoa kwa bisibisi yenye nta. Kwenye kiendeshi cha diski nikakuta nilichotegemea: mkanda mdogo wa mpira wa kuzungusha diski ulikuwa umeyeyuka, umegeuka kama lami. Niliikwangua lami ile kwa kijiti cha mianzi kilicholowekwa spiriti, taratibu, karibu saa mbili. Mama mmoja wa kwaya alikuwa akinifuta jasho kwa kanga. Kisha nikavisha mkanda mpya, niliouchukua kwenye redio kaseti ya enzi za Isevya.

Nikaingiza diski, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ikazunguka. Nikahifadhi kwenye diski ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

"Sasa kizime, Mwalimu," nikasema.

"Kizime wewe."

Sikuwahi kuiogopa plagi maishani kama siku ile. Nilichomoa. Nikahesabu hadi ishirini, nikachomeka, nikapakia kutoka diski ya tatu. Mwalimu akaweka kidole kwenye ufunguo mmoja, na Mama Kulwa akaimba. Wanawake wakakaa chini pale pale sakafuni. Mimi nililia, sifichi.

Walipotoka kwenda kupika, nikalisema neno langu. Nikamwambia kwamba umeme haukukatika, kwamba nilichomoa mimi, na kwamba nilimdanganya.

"Najua," akasema. "Nilirudi kwa miguu kutoka dukani. Mashine ya kusaga haikunyamaza hata mara moja."

"Miaka yote hiyo umejua? Kwa nini basi umeniita mimi?"

"Wale wawili hawajui kinachopotea. Wewe unajua."

Nimestaafu sasa. Macho hayaoni tena miguu ya chipu, na meza nimemwachia binti wa dada yangu. Ukutani nimemwandikia maneno yale yale matatu, kwa rangi nyeusi ile ile, maana umeme bado unaua. Ila juu yake nimeongeza moja, nalo analisoma kila asubuhi kabla sijamruhusu kushika bisibisi: ULIZA.