Maswali ya Daktari wa Paka

Paka wa Fundi Saa aliitwa Shangazi, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mweusi mwenye kidevu cheupe, umri wake miaka kumi na sita, na kila mteja aliyeingia alipokelewa kwa mlio mfupi wa kukemea, kama mtu aliyechelewa kikao cha ukoo. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza moja, taa ya kuinamisha, droo za vipuri hadi darini, na ukuta mzima wa saa ambazo wenyewe walizisahau. Shangazi alilala pembeni mwa meza juu ya kipande cha blanketi, na miaka yote hiyo hakuwahi kuangusha hata skrubu moja.

Kisha akaanza kukosea. Siku moja aliruka kupanda mezani, akafika nusu, akaanguka chali. Fundi alidhani ni utani wa uzee. Akamwekea kiti, na baada ya wiki mbili akamwekea na kibao mbele ya kiti. Bakuli la maji alilolijaza mara moja kwa siku sasa alilijaza mara nne. Paka alikula akamaliza, akalamba bakuli, akadai tena, na bado uti wa mgongo ulikuwa unahesabika. Mwishowe miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa visigino, polepole, kama bibi aliyevaa ndara za mtu mwingine.

Fundi akawa muuguzi. Alimsagia chakula, alimfuta macho kwa pamba, alibadilisha magazeti yaliyolowa mkojo asubuhi, mchana na jioni. Na yeye mwenyewe alikuwa hoi siku hizo. Kazi ilikuwa haiendi. Kila akiinamia saa, gurudumu moja lilikuwa mawili. Alifuta kile kioo chake cha kukuzia mpaka kitambaa kikatoboka. Alilaumu kioo. Suruali ilipoanza kumvuka alilaumu mkanda, akautoboa matundu matatu mapya kwa kifaa chake cha kutobolea mikanda ya saa, kazi safi kabisa.

Binti yake, mwalimu wa hesabu, aliyeishi naye tangu mama mtu afariki, alikuwa amechoshwa na harufu.

"Baba, huyu mnyama amekwisha. Mpeleke wakampumzishe."

"Nikizeeka mimi utanipeleka wapi?"

"Wewe hukojoi sebuleni."

Fundi akacheka, akajimiminia glasi nyingine ya maji. Alijua kisa cha binti yake na paka, ingawa hawakuwahi kukizungumza. Mama mtu alipokuwa mahututi, binti alikaa kando ya kitanda wiki tano, na neno la mwisho la mama lilikuwa, "Shangazi amekula?" Tangu siku ile, mwaka wa kumi na moja sasa, mwalimu hakuwahi kumgusa yule paka.

Jumanne moja asubuhi Shangazi alishindwa kuinuka. Fundi akamtia kwenye kikapu, akamfunika taulo, akaenda naye kwa miguu hadi kwa daktari wa mifugo, mtaa wa pili. Alipumzika njiani mara tatu, akijiambia kikapu ni kizito. Paka hakufika hata kilo tatu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono mipole. Alimpapasa paka tumboni, akamkagua mdomo, akachukua karatasi.

"Anakunywa maji mengi?"

"Sana, daktari."

"Anakojoa mara kwa mara?"

"Hata usiku hatulali."

"Anakula vizuri lakini anakonda?"

"Anakwisha kabisa."

"Miguu imekufa ganzi, kama haisikii anapokanyaga?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Asubuhi ile alivivaa kwa kuviangalia, kwa kuwa vidole vyake havikumwambia kama vimeingia.

"Daktari," alisema, "hapo umeniuliza mimi au paka?"

Daktari alicheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka. Alimwona shingo iliyopwaya ndani ya kola, midomo iliyopasuka, mkanda wenye matundu matatu mapya. Akamchoma paka kwenye ncha ya sikio, tone la damu likaingia kwenye kipimo, namba ikatokea. Ilikuwa sukari, na ilikuwa juu mno.

"Huyu tunaweza kumsaidia kwa sindano," alisema, akiwa bado anamtazama Fundi. "Wewe mimi sina ruhusa kukupima, baba yangu. Ila sikuachi uondoke peke yako."

Alimfungia Shangazi kwenye kizimba chenye joto, akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga", akamshika Fundi mkono na kumvusha barabara hadi zahanati. Fundi alimfuata. Kichwani alikuwa anayarudia yale maswali manne, na kila moja alilijibu vilevile.

Muuguzi wa zahanati alimchoma kidole, akasoma kipimo. Akachukua kipimo kingine, akamchoma kidole cha pili. Safari hii hakusoma namba, kwa maana haikuwepo; mashine iliandika tu kwamba sukari imepita pale inapoweza kuhesabu. Aliita daktari wa zahanati. Daktari akatazama mashine, akamtazama Fundi, akauliza:

"Mzee, umeletwa na nani?"

"Nimemleta paka," Fundi akasema.

Walimlaza hapohapo, maji yakaanza kuingia mkononi kwa mpira. Alipigwa na butwaa hata hakuogopa. Mtu aliyetumia miaka arobaini kusikiliza sauti ya saa na kujua ugonjwa wake kabla ya kuifungua, mwili wake ulipiga kelele miezi sita na yeye akabaki kufuta kioo.

Binti alifika mchana, chaki ingali kwenye mikono. Daktari alimweleza nje ya mlango: siku mbili zaidi, labda tatu, na angemkuta baba yake amezimia mezani. Mwalimu aliingia, akakaa kwenye kiti.

"Mimi ndiye niliyekuwa naijaza ile birika yako ya maji," alisema. "Kila siku. Nikasema ni joto."

"Nilisema hivyo hivyo."

"Baba, nafundisha watoto kuhesabu."

Fundi akamuuliza, "Shangazi amekula?"

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Uso wa binti ulibadilika, akainama kama aliyepigwa. Fundi akatamani kulirudisha. Lakini mwalimu alisimama, akachukua mkoba.

"Ngoja nikaangalie," akasema.

Fundi alikaa zahanati siku sita. Siku ya saba alirudi nyumbani jioni, akafungua mlango, akasimama kwenye kizingiti. Binti yake alikuwa sakafuni, miwani imeshuka puani, Shangazi amembana katikati ya magoti. Kwa vidole viwili aliinua ngozi ya mgongoni, akaingiza sindano, akahesabu mpaka tano kwa sauti ya darasani, akatoa. Paka akamkemea. Mwalimu naye akamkemea.

"Usinitazame hivyo, Baba. Yule daktari wa paka alinionyesha. Asubuhi na jioni, baada ya chakula. Na wewe ni hivyo hivyo, chupa yako ya dawa ni ile ya kifuniko cha bluu, usizichanganye."

Fundi alikaa kwenye kiti akiwa na kofia kichwani. Habari ya ugonjwa wake aliimeza, hii ilimkwama.

Shangazi alipata miezi minane. Miguu ikarudi kidogo, siku za jua alitembea hadi kizingitini kukemea wapita njia. Kisha figo zikakataa, na asubuhi moja Fundi alipoinua taulo, mwili ulikuwa baridi.

Alimwita binti yake taratibu, akitegemea ataambiwa wachimbe shimo mapema kabla ya shule. Mwalimu alikuja, akamwona. Akakaa chini na kulia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi ya mama yake, alipopokea wageni na kugawa viti kwa macho makavu. Fundi alisimama hajui mikono aiweke wapi. Mwisho akashuka naye sakafuni, taratibu, kwa magoti yake mabovu, akakaa naye bega kwa bega.

Baada ya muda mrefu binti alijifuta uso kwa kiganja.

"Umeshachoma sindano yako?"

"Bado."

Aliinuka, akanawa mikono, akaleta chupa. Fundi alikuwa amezoea kujichoma mwenyewe, tena vizuri kuliko yeye. Akapandisha shati tu, akangoja.