Mwanamke Niliyemfuta Ubaoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Siku hiyo nilisimama mbele ya kibanda cha msituni, upande wa Itebero. Nilikuwa nimepanda kamiyo, lori la kazi yetu, mpaka barabara ilipokwisha, kisha nikatembea kwa miguu siku mbili, nimelowa chapachapa, na safari yote hiyo niliifunga kwa ajili ya jambo moja tu: kufuta picha aliyoichora mwanamume mwenzangu. Hakuna aliyenituma kuifuta. Wivu ndio ulionituma, na ulinisukuma mbio kuliko mkubwa wa kazi yeyote.

Kaa hapa nikusimulie. Mama yako anaijua nusu tu ya habari hii, na hiyo nusu niliisimulia nikijipendelea.

Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kubwa ya Wazungu. Mimi mtoto wa wakulima wa maharage wa Masisi nilikuwa nimepata kazi Kirotshe, kando ya ziwa, kwenye huduma ya kuwabeba wagonjwa na walioumia. Huduma ile ilikuwa na vibanda sita kando ya njia, kuanzia msitu wa Walikale mpaka kwenye barabara. Katika kila kibanda walikaa wachukuzi wanne na machela yao. Ukiumwa na nyoka au ukiangukiwa na mti, wachukuzi wa kibanda cha kwanza wanakubeba mpaka cha pili, wa pili wanakupokea, hivyo hivyo mpaka kwenye kamiyo, na kamiyo inakufikisha hospitali. Mimi sikubeba mtu. Mimi nilikuwa desinateri, mchoraji wa huduma. Nilichora namna ya kufunga mguu uliovunjika, namna ya kumlaza mtu aliyezimia, na mbao za kuwekwa kwenye vibanda ili hata asiyejua kusoma ajue pale pana msaada.

Nilijiona sana, sikufichi. Nilivaa soksi ndefu nyeupe, na penseli ilikaa sikioni mwangu hata wakati wa misa. Katika huduma nzima hapakuwa na mchoraji mwingine, na mimi niliomba Mungu asije akatokea.

Ule ubao mkubwa wa vibanda niliufanyia kazi majuma mawili. Nilichora wachukuzi wanne wenye misuli, na juu ya machela mgonjwa amelala chali, amefunikwa shuka jeupe. Mikunjo ya shuka lile, mwanangu! Ungedhani unaweza kulivuta. Munganga wetu, daktari Mbelgiji, alinipiga bega akasema nimefanya vizuri. Tukatengeneza mbao sita za namna moja, kila kibanda ubao wake.

Watu hawakuja. Walikuwa wanapita mbele ya kibanda wakiwa wamembeba mgonjwa wao mgongoni, wanaangalia ubao wangu, wanaongeza mwendo. Mimi nilisema ni ujinga wa watu wa msitu. Nilisema hivyo mara nyingi, mbele ya yeyote aliyetaka kunisikiliza.

Halafu ikasikika kwamba kibanda kimoja kinapokea wagonjwa kila juma, kile cha upande wa Itebero. Munganga alikwenda kujionea. Aliporudi, aliniita ofisini huku anacheka.

"Zakaria," aliniambia, "kule kuna mchukuzi, jina lake Anselmi. Amechora mwanamke kwa makaa kwenye ubao wako. Mwanamke ana kitunga mgongoni, anafuata machela. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu: kwetu mgonjwa haendi peke yake. Lazima iko muntu nyuma, wa kumupikia na kumushika mukono. Picha hii iko na wachukuzi tu, kwa hiyo watu wanasema huyu ni maiti, ao wanasema mukimubeba munamunyanganya ndugu zake. Umesikia? Nenda ukaone, halafu uchore mwanamke huyo kwenye mbao zote."

Nilijibu, "Ndiyo, Munganga." Lakini ndani nilikuwa nawaka.

Anselmi! Nilimjua. Mtu mrefu mwenye miguu mikubwa, mpole, aliyeandika jina lake kwa shida siku ya kuandikishwa kazi. Hakuwahi kushika burashi. Mimi nilipigwa fimbo na mafrere wa shule ya misheni miaka minne ili nijue kuchora mkono, naye ameokota kaa jikoni na sasa Munganga anamtaja kwa kicheko kile ambacho kwangu hakuwahi kukicheka. Chakula kilinishinda. Kila aliyetoka upande wa Walikale nilimdadisi, mpaka mmoja akaniambia kwamba mwanamke yule ana mkono wa vidole vinne. Loo, nilivyofurahi! Vile vidole vinne vilinilisha siku tatu. Niliwaeleza watu wa ofisi, nikamweleza dereva wa kamiyo, nikamweleza hata mama aliyekuwa akituuzia samaki, naye akaniuliza: "Sasa Papa, kwani huyo mwanamuke anatwanga na huo mukono?" Nikachukua samaki wangu nikaondoka, lakini sikupona.

Punde si punde Munganga akaenda likizo kwao Ulaya. Mwingine akaja, asiyejua lolote kuhusu mwanamke wa makaa. Ndipo nilipoomba ruhusa. Nilisema nakwenda kukagua mbao.

Siku hiyo niliyokuambia, Anselmi hakuwepo, amekwenda na wenzake kumbeba mtu. Kibanda kilikuwa kitupu. Ubao ulikuwa chini ya ukingo wa paa, mvua haiufikii, na mwanamke alikuwepo. Nilimtazama muda mrefu nikitafuta kosa. Vidole vinne, kweli. Kitunga kikubwa mno. Lakini alikuwa anatembea, mwanangu. Kwa mistari isiyozidi kumi, ulimwona amechoka, ulimwona ana haraka, uliona anamtazama yule aliye kwenye machela na kwamba hatamwacha. Wachukuzi wangu wenye misuli walisimama tu kama nguzo za nyumba. Kama picha ingekuwa mbaya, ningerudi zangu kwa furaha. Kwa kuwa ilikuwa nzuri, nilitoa kitambaa, nikamwaga mafuta ya taa, nikamfuta. Alama nyeusi ilibaki, kwa hiyo nikafungua kopo langu nikapaka rangi nyeupe juu, mara mbili, nikaondoka.

Na jambo hili ndilo sikuwahi kumwambia mama yako. Dada yangu mkubwa, Yaya Sidonia, alikuwa ameolewa kijiji cha mbele, mwendo wa saa moja kutoka pale. Mume wake alikuwa akipandisha mawese Masisi na kushuka na maharage yetu, ndivyo walivyojuana. Nilijua kwamba Yaya ni mjamzito, mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Nilifika mpaka hapo na sikwenda kumsalimu. Niliogopa kumtazama usoni na mikono yangu inanuka mafuta ya taa.

Haukupita mwezi na nusu, kamiyo ikamleta Yaya hospitali. Niliitwa kutoka ofisini. Nilimkuta kitandani, uso umekwisha kabisa, mama mkwe wake amekaa chini pembeni. Mtoto alikuwa amefia tumboni. Yeye mwenyewe waganga walisema atapona.

Alinishika mkono akaanza kunieleza, bila mimi kumuuliza.

"Mudogo yangu, siku moja nilipita pale ku kibanda, nikaona mwanamuke na kitunga. Nikafurahi. Nikamuambia mama mukwe: siku yangu ikifika, utanifuata, hawatanipeleka miye peke. Basi uchungu ukaanza, bwana yangu iko Masisi. Tukaenda pale. Wachukuzi hawako, wamebeba mugonjwa mwingine. Tungewangojea, Zakaria. Lakini nikaangalia ubao, mwanamuke haiko tena."

Mama mkwe alidakia kutoka pale chini: "Nilimuuliza, pengine imefutika yenyewe? Akanijibu hapana, rangi ni mupya."

"Nilimuambia zile mbao anachora mudogo yangu," Yaya akasema. "Nikasema, Zakaria hawezi kudanganya watu. Kama ameondoa mwanamuke, njo kusema sasa wamekataza ndugu kufuata. Tukarudi nyumbani. Siku mbili, Zakaria. Anselmi aliporudi na kusikia, hakupumzika hata kidogo. Alikuja mpaka ndani ya nyumba, akanibeba, akamuambia mama mukwe: mama, chukua chungu, twende. Ule Anselmi ni muntu wa kweli."

Utaniamini nikikuambia kwamba hata pale, mbele ya dada yangu aliyepoteza mtoto, nilichomwa kumsikia anamsifu Anselmi? Nilichomwa. Nilitaka kusema kwamba kubeba ni kazi yake, anafanya alichoajiriwa. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikajisikia mwenyewe, nikaogopa mtu niliyekuwa nimegeuka.

Anselmi, aliyemsindikiza Yaya vibanda vyote mpaka hospitali, alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuaga kabla ya kurudi msituni. Nikamwangalia, nikamwangalia Yaya, nikasema, "Yaya, njo miye nilifuta. Hakuna aliyekataza ndugu. Niliona wivu."

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Heri wangepiga kelele. Mama mkwe alifunika uso kwa kitambaa chake. Anselmi akasema polepole, "Nilijua ni weye, kaka. Rangi nyeupe ile hakuna mwingine iko nayo."

"Sasa kwa nini hukuchora tena?" nikamuuliza, karibu kwa hasira, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Ningechoraje? Weye ni muntu wa biro, wa ofisi ya wakubwa. Nilifikiri munganga mupya amekataa ndugu, njo amekutuma. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Mwanangu, neno lile liliniuma kuliko yote. Mimi nilifuta kwa wivu wangu binafsi, lakini rangi yangu ilikuwa rangi ya ofisi. Msitu mzima uliisoma kama amri. Dada yangu mwenyewe aliitii kwa sababu alinijua kuwa mkweli.

Yaya aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye dari: "Mwanamuke arudi."

"Nitamchora, Yaya. Kesho naanza. Nitamchora vizuri kuliko..."

"Hapana. Si weye." Akageuza kichwa akanitazama. "Mupe Anselmi burashi. Mupe na rangi. Weye utamubebea makopo."

Siku ile ningekubali viboko kuliko hilo. Lakini nilikwenda kwa mkubwa wa kazi, nikaeleza kila kitu, nikaomba Anselmi aachiwe nafasi. Wakaninyang'anya cheo cha desinateri kwa muda, nami sikujitetea. Tukatembea vibanda vyote sita, Anselmi mbele, mimi nyuma na makopo kichwani kwenye kata ya majani. Katika kila kibanda alichora na mimi nikashika kopo. Burashi ilimsumbua siku ya kwanza, siku ya pili ikamzoea. Watu walikusanyika kutazama, wakanicheka mimi mwenye soksi ndefu. Na kila alipovuta mstari mmoja ukatoka sawa, wivu uliamka palepale ndani yangu, mzima kabisa. Tofauti ni kwamba mikono yangu ilikuwa imeshika kopo.

Anselmi hakunisema vibaya hata mara moja. Tulikula chungu kimoja safari nzima. Baadaye tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na sijawahi kuwa mchoraji mzuri kuliko wakati ule alipokuwa akinikosoa.

Yaya Sidonia hakuzaa tena. Alinisamehe kwa maneno, akanialika kwake kila msimu, akanipakulia chakula kizuri. Lakini mtoto wa jirani alipolia karibu na sisi, alikuwa anaacha kula, nami nilikuwa nainamia sahani yangu. Nimeubeba mzigo huo mpaka leo, na nywele hizi nyeupe unazoziona.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi. Sikuambii usione wivu, maana nitakuwa nakudanganya. Utauona. Kuna mtu atakuja, hajasoma ulikosoma, na atafanya kwa urahisi kile ulichokitolea jasho, na watu watamshangilia yeye. Siku hiyo moyo wako ukiuma sana, ujue jicho lako limeshaona kwamba kazi yake ni nzuri. Usiiguse. Weka mikono mfukoni, mwendee mwenye kazi, umuulize alifanyaje. Ukishindwa kumsifu, nyamaza, hiyo nayo inatosha kwa kuanzia. Na ukipewa cheo, uogope zaidi, kwa sababu watu hawatajua lipi umelifanya kwa kazi na lipi kwa moyo mbaya. Watakuamini katika yote mawili. Na ukikosa, sema mapema, mbele ya yule uliyemuumiza, kabla hajakusifia uaminifu wako.

Mungu akubariki, mwanangu, aibariki na mikono yako. Akupe mwenzi wa kazi anayekuzidi, akuweke karibu naye maisha yako yote, na akupe tumbo la kula naye chungu kimoja ukashiba.