Mifereji ya Barabara ya Bule

Siku moja ningali naikumbuka, mwanangu: siku tulipombeba dada yangu Furaha akajifungue, na barabara ikatukatalia.

Tulikaa kijiji cha karibu na Bule, mimi bado msichana. Baba mudogo alikuwa kantonye: alifyeka nyasi kando ya barabara na kufungua mifereji ili maji ya mvua yapite. Serikali ndiyo iliyomlipa. Halafu hazina ya Kinshasa ikakauka. Mshahara ukachelewa, ukachelewa tena, mwishowe mkubwa wake akamwambia abaki nyumbani. Akaweka jembe la serikali pembeni, akaenda kulima mashamba ya watu ili watoto wale. Nani angemlaumu? Tumbo halingoji habari kutoka Kinshasa.

Sisi wengine tuliiona mifereji ikijaa udongo, tukapita. Tulisema ni kazi ya serikali. Wazee walinena kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini, na ndugu yetu huyo, serikali, hata uso wake hatukuujua.

Mvua zilipokuja, maji yalikosa njia, yakaikata barabara. Ndipo Furaha akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Wanaume wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka pale palipokatika. Gari la misheni lililokuja kumchukua lilisimama ng'ambo. Tulilitazama, nalo likatutazama. Shimo lilikuwa refu kupita mtu, maji yakikimbia ndani. Furaha alifia palepale, na mtoto tumboni.

Kwenye matanga watu waliitukana serikali. Bibi yetu aliwasikiliza mpaka wakachoka.

"Ni kweli, feza ya serikali iliisha," akasema. "Na mikono yetu siye, nayo iliisha?"

Baba mudogo alitoka inje, akaketi kwenye mvua. Kesho yake kijiji kizima kilichimba mifereji na kujaza shimo, na baada ya siku chache gari likapita. Lilimpitia nani? Furaha tulikuwa tumeshamzika.

Leo nakaa hapa mjini, mtaa wa Bigo. Nasikia tena walimu na wauguzi wanangoja mishahara, na mifereji ya mtaa imejaa chupa. Mwanangu, idai serikali haki yako, wala usiisamehe upesi, mimi sijaisamehe. Lakini usingoje ikulipe ndipo umwokoe jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa: ita wenzako, mufungue njia ya maji mbingu ingali kavu.

Mungu akutunze, na wanawake wa nyumba yako wajifungue wakiwa hai.