Kungumanga Nzima

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi, dhiki ilituingia kwa harufu ya kungumanga. Tulikaa chumba kimoja Al-Mahjar, Jeddah: mama, mimi na mdogo wangu Salma, wa miaka mitano. Baba alikwisha fariki. Mama alipika nyumbani kwa kafili wake, mwajiri aliyetudhamini, huko Al-Safa, na ikama zetu zote, yaani vibali vya kuishi, zilining'inia kwenye sufuria za mtu yule. Kungumanga ilikuwa marufuku, eti inalevya. Lakini Mzanzibari gani atapika uji bila hiyo? Zake mama alizishona ndani ya mto wa kulalia.

Asubuhi moja Salma akaamka anaharisha. "Mkunie kungumanga kwenye uji, itamfunga tumbo," mama akaniambia akijifunga baibui. "Mara tatu tu, unanisikia?" Akaenda kazini. Nami nilitaka apone upesi nirudi shule. Nikajiambia haba na haba hujaza kibaba, nikaikuna kungumanga nzima mpaka vidole vikachubuka. Kufika alasiri mtoto mdomo umemkauka, anacheka na ukuta. "Dada, ukuta unatembea." Kisha akanyamaza, moyo unamdunda mpaka gauni linatikisika.

Mama aliporudi tulikimbilia hospitali. Ndani ya teksi alinibana mkono. "Ukiulizwa, sema tende mbovu. Wakiturudisha kwetu, tutamfikia nani?" Daktari, Msudani mmoja, akauliza mtoto kala nini. Mama akasema tende. Akauliza tena, sindano mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na Salma alikuwa ananitazama hanioni. Nikasema, "Kungumanga. Nzima. Nimeikuna mimi." Daktari akairudisha sindano mezani, akaagiza dawa nyingine.

Salma alipona siku ya tatu. Habari zilimfikia kafili, mama akaambiwa halas, kazi imekwisha. Hatukurudishwa, tulipata kafili mwingine, mzee wa sokoni aliyetaka watu wa kutwanga viungo. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la nne. Mama hakunisemesha mwezi mzima. Siku aliponisemesha alisema tu, "Nipe mchi."

Leo Salma yuko Riyadh, mtaalamu wa biokemia, maisha yake yote anachunguza mimea ya jikoni inaufanya nini ubongo wa mtu. Yeye hupima kwa mizani isiyotaka hata pumzi karibu. Sisi tulipima kwa mkono na dua. Wageni wakimsifu, Salma husema, "Jaribio la kwanza alinifanyia dada." Namjibu, "Na cheti sijapewa." Sioni haya. Nina duka la viungo Bani Malik, mashine mbili za kusagia, pikapu moja, kinu cha mama. Kungumanga sina. Mdogo wangu ninaye.